Pumzi na Harufu ya Kinywa katika Hadithi za Kubuni za Kisayansi

Katika toleo hili tumeona tuandike juu ya jambo ambalo watu wengi hulikwepa, nalo ni kunuka kinywa. Huenda wengine wakauliza: je, idara ya Kiswahili imeishiwa na mada hata iingie vinywani mwa watu? Hapana. Mada hii ilitujia yenyewe darasani hapa Masaka, na tangu siku ile hatujaweza kuiacha.

Ilikuwa hivi. Tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili kazi ya kuandika hadithi fupi ya kubuni ya kisayansi, kurasa tatu. Wengi walileta yale yaliyozoeleka: roboti, vyombo vya angani, jiji la Kigali la mwaka 2100 lenye magari yanayopaa juu ya kilima cha Rebero. Mwanafunzi mmoja alileta kitu kingine. Katika hadithi yake chombo cha angani kinaondoka Masaka kwenda sayari ya Mirihi kikiwa na abiria saba, na safari ni ya miezi minane. Chakula kipo, maji yapo, mitambo ni mizima. Tatizo ni nahodha. Ananuka kinywa, na hakuna dirisha la kufungua. Abiria wanaanza kumkwepa, kisha wanaacha kumsikiliza, na mwishowe chombo kinapotea njia kwa sababu hakuna aliyetaka kumsogelea amwambie kwamba kipimo kimoja kinasoma vibaya.

Darasa lilicheka sana, na sisi tulicheka. Kisha tukaona mambo mawili. La kwanza ni la kisarufi: mwandishi alikuwa ameandika kwamba kinywa cha nahodha "kilinukia vibaya". La pili si la kisarufi. Katika safu ya nyuma mwanafunzi mmoja, ambaye siku zote huongea akiwa ameweka kiganja mbele ya mdomo, hakucheka. Vipindi viwili vilivyofuata hakuonekana.

Makala haya yanatokana na mambo hayo mawili. Tutaanza na maneno, tuguse sayansi kidogo, kisha tutazame jinsi waandishi wa hadithi za kisayansi walivyoitumia harufu ya pumzi ya mtu. Hoja yetu ni kwamba katika hadithi hizi pumzi ya jirani ndiyo mpaka kati ya "sisi" na "wao". Mwandishi akitaka kujua kama jamii aliyoibuni bado ni ya watu, hutazama kama watu wake wanaweza kuivumilia pumzi ya mwenzao.

Nuka, nukia, nusa, sikia

Katika Kiswahili sanifu kunuka ni kutoa harufu mbaya, na kunukia ni kutoa harufu nzuri. Jalala hunuka, ua hunukia. Kwa hiyo kusema kinywa "kinanukia vibaya" ni kuyagonganisha maneno. Hata hivyo kosa la mwanafunzi wetu lina sababu yake, na mwalimu anayefundisha Rwanda hana budi kuijua. Kinyarwanda nacho kina kitenzi kunuka, chenye maana ileile ya kutoa uvundo. Harufu nzuri ina kitenzi chake kingine kabisa, guhumura. Sasa mwanafunzi akikutana na nukia kwa mara ya kwanza, huliona kuwa ni kauli ya kutendea ya nuka, kama vile kunukira katika Kinyarwanda, yaani kumtolea mtu harufu mbaya. Umbo la neno linampa haki, kwa sababu nukia kweli lina kiambishi cha kutendea. Kilichogeuka ni maana. Tukimweleza hivyo mara moja hasahau tena, lakini tukimpigia mstari mwekundu tu atalirudia kosa hadi mwaka wa tatu.

Kitenzi cha tatu ni nusa, yaani kuvuta hewa puani ili kutambua harufu, na mzizi wake ni uleule. Cha nne ni sikia. Mswahili husikia harufu kama anavyosikia sauti, njaa na baridi. Hapa mwanafunzi wa Kinyarwanda hana shida, maana kitenzi chake kumva hufanya kazi zote hizo, na ya kuelewa juu yake.

Tuongeze majina. Kwa harufu mbaya tuna uvundo, shombo ya samaki na kikwapa. Kwa nzuri tuna manukato, marashi, uturi, udi na ubani. Aidha tutofautishe kinywa na mdomo: mdomo ni wa nje, kinywa ni cha ndani, na Kinyarwanda hutofautisha vivyo hivyo umunwa na akanwa. Ndiyo maana husemwa mtu ananuka kinywa. Anayetaka kumsitiri mwenzake husema tu kwamba "ana harufu ya kinywa". Tazameni tasifida hiyo inavyofanya kazi: neno harufu limesimama bila kivumishi, na bado kila mtu anajua ni harufu gani.

Sayansi inasemaje?

Mwandishi wa hadithi ya kisayansi hawezi kuikwepa sayansi yenyewe, basi tuigusie. Mara nyingi chanzo cha kunuka kinywa kimo kinywani humohumo, si tumboni kama wengi wanavyodhani. Bakteria wanaokaa nyuma ya ulimi, katikati ya meno na chini ya fizi huvunjavunja mabaki ya chakula na chembe zilizokufa za mwili, na katika kazi hiyo hutoa gesi zenye salfa. Mojawapo ni haidrojeni salfaidi, ile inayonuka kama yai viza. Gesi hiyo si ngeni Rwanda. Imo pia kwenye kina cha Ziwa Kivu, pamoja na methani ambayo huvutwa Karongi ili kuzalisha umeme.

Mate ndiyo maji ya kuoshea kinywa. Usiku mate hupungua, na ndiyo sababu kila mwanadamu, tajiri kwa maskini, huamka na harufu. Vivyo hivyo kwa aliyefunga. Wazee Waislamu wa Biryogo kule Nyamirambo, mtaa ambao Kiswahili kimezungumzwa kwa vizazi, watawaambia kuwa harufu ya kinywa cha mfungaji ni bora mbele ya Mungu kuliko miski. Hapa tunajifunza kwamba pua hupokea gesi, lakini maana ya harufu hutolewa na watu. Tukumbuke pia kuwa neno mswaki limetoka katika Kiarabu, na kabla ya kuwa la brashi ya dukani lilikuwa la kijiti cha kutafuna, na pwani hadi leo mti wenyewe huitwa mswaki.

Wakati mwingine harufu hutoka mbali zaidi ya kinywa. Mgonjwa wa kisukari ambacho hakijadhibitiwa anaweza kutoa pumzi yenye asetoni, inayofanana na matunda yaliyoiva kupita kiasi. Figo zikishindwa kazi, pumzi inaweza kunuka kama amonia. Na jambo hili limeshavuka mipaka ya daktari na pua yake. Huko Morogoro, Tanzania, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limewafundisha panya buku kunusa makohozi na kutambua kifua kikuu. Panya mmoja hupitia sampuli mia moja kwa muda wa dakika ishirini hivi. Mtu angeandika hadithi ya panya mganga miaka hamsini iliyopita, angeambiwa anaota.

Kutokana na hayo, mwandishi anapata mambo matatu. Kwanza, pumzi ya kila mtu ina harufu yake. Pili, mwenyewe haisikii, kwa maana pua huzoea kilicho karibu nayo: nyani haoni kundule. Tatu, pumzi hubeba habari za mwili ambazo mtu hakutaka kuzitoa. Hadithi za kisayansi zimejengwa juu ya matatu hayo.

Kutoka kwa zimwi hadi kwa farasi

Kabla ya vyombo vya angani tulikuwa na mazimwi. Nani kati yetu hakusimuliwa ngano ambamo zimwi linarudi nyumbani, linainua pua, na kusema linasikia harufu ya mtu? Watoto hutetemeka hapo. Tafakarini kidogo: katika ngano hiyo anayenuka si zimwi, ni sisi. Mtoto aliyejificha darini anagundua ghafla kwamba mwili wake unatoa habari zake bila ruhusa yake.

Waandishi wa Ulaya walilipata wazo hilohilo kwa njia yao. Mwaka 1726 Jonathan Swift alichapisha safari za Gulliver, kitabu ambacho wahakiki wengi hukihesabu miongoni mwa mababu wa hadithi za kisayansi. Katika safari ya mwisho Gulliver anaishi na farasi wenye akili timamu, ambao humo nchini ndio watawala. Anaporudi kwake Uingereza hawezi kuivumilia harufu ya mkewe na watoto wake, na huziba pua kwa majani ya tumbaku au mimea yenye harufu kali. Ananunua farasi wawili, na harufu ya zizi lao ndiyo inayomburudisha. Msomaji hucheka mwanzoni. Halafu hujiuliza: mtu aliyefikia hatua ya kutoweza kula meza moja na mkewe kwa sababu ya harufu, je, amepata akili au ameipoteza?

Ulimwengu usio na harufu

Karne ya 20 ilileta ulimwengu wa kubuni uliosafishwa. Katika riwaya ya Aldous Huxley, Brave New World, ya mwaka 1932, watu wa mjini wana mabomba ya manukato kama sisi tulivyo na mabomba ya maji. Msichana Lenina anasafiri kwenda eneo lililotengwa ambako watu bado wanazaa, wanazeeka na kufa. Huko anakutana na Linda, mwanamke wa mjini kama yeye aliyeachwa huko miaka mingi. Linda ameng'oka meno ya mbele na ananuka pombe, na kwa furaha ya kumwona mtu wa kwao anamkumbatia Lenina. Lenina anashikwa na kichefuchefu. Hawa ni watu wa mji mmoja, wamelelewa kwa mafunzo yaleyale, lakini harufu imewaweka pande mbili za mto. Huxley hakuhitaji kurasa nyingi kutuonyesha kuwa usafi wa mji ule umenunuliwa kwa bei ya huruma.

Mfano ulio karibu zaidi na mada yetu ni wa Isaac Asimov, The Naked Sun, uliotoka kama kitabu mwaka 1957. Kwenye sayari ya Solaria wanaishi watu elfu ishirini tu, wakihudumiwa na roboti milioni mia mbili. Kila mtu anakaa peke yake katika shamba lake, na mawasiliano yote hufanyika kwa picha zinazotokea chumbani kana kwamba mwenzako yupo. Kukutana ana kwa ana ni aibu kubwa. Mpelelezi Elijah Baley anatoka Dunia kuja kuchunguza mauaji, na mtaalamu mmoja wa elimu ya jamii anajikaza akubali kumpokea nyumbani. Hamalizi mazungumzo. Kinachomshinda ni wazo kwamba hewa inayoingia mapafuni mwake imetoka mapafuni mwa Baley. Anatoka mbio, kisha mazungumzo yanaendelea kwa picha, naye anatulia.

Tunaomba wasomaji waone kwamba hakuna aliyesema Baley ananuka. Asimov alikwenda hatua moja mbele ya Swift na Huxley, na katika Solaria pumzi ya mwenzako ni chukizo hata bila harufu.

Walimu wa tafsiri wana kazi nzuri hapa. Watu wa Solaria hutumia vitenzi viwili tofauti, kimoja cha kukutana kwa mwili na kingine cha kukutana kwa picha, na mgeni akichanganya wanashtuka. Kiingereza cha Asimov kilibidi kuvilazimisha vitenzi viwili vya kawaida vibebe tofauti hiyo. Kiswahili kinayo tayari. Tunaposema "tuonane kesho", hatuna maana ya kutazamana tu. Kuonana ni kukutana, kupeana mikono, kukaa mahali pamoja na kuvuta hewa moja. Kwa picha tungesema kutazamana. Mfasiri atakayeitafsiri riwaya hiyo kwa kuonana na kutazamana atakuwa amefanya kazi nusu kabla ya kuanza.

Solaria ilipofika Kigali

Tuliposoma sehemu hiyo na wanafunzi, mmoja aliinua mkono akasema, "Mwalimu, hiyo si hadithi. Hiyo ni mwaka 2020." Darasa zima lilinyamaza, kwa sababu alisema kweli.

Mwezi Machi 2020 shule na vyuo vya Rwanda vilifungwa kwa sababu ya UVIKO-19. Tukaanza kufundishana kwa simu na kompyuta, tukitazamana bila kuonana. Tulipotoka tulivaa barakoa, na wengi wetu kwa mara ya kwanza maishani tukaisikia harufu ya vinywa vyetu wenyewe. Pua iliyozoea kunusa wengine ilifungiwa chumba kimoja na mwenye nyumba. Pumzi ya jirani, ambayo jana yake ilikuwa salamu, ikawa hatari.

Mwezi Mei mwaka huohuo zilizinduliwa roboti tano katika kituo cha matibabu cha Kanyinya, Kigali, ili kupunguza ukaribu kati ya wagonjwa na wahudumu. Kazi zao zilikuwa pamoja na kupima joto la mwili. Roboti hizo zilipewa majina ya Kinyarwanda: Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo na Urumuri. Yaani kijua, tumaini, mzuri, askari na mwanga. Sisi walimu wa lugha tuliyafurahia majina hayo, na tukajiuliza kwa nini mashine isiyovuta pumzi inahitaji jina tamu kiasi hicho. Jibu tulilolipata ni kwamba mgonjwa aliyelala peke yake anahitaji mtu, na kama mtu hawezi kumkaribia, basi walau jina la mtu limkaribie. Hatuwalaumu walioleta roboti hizo, kwani ziliwakinga wahudumu. Tunachosema ni kwamba Kigali haikukubali kuwa Solaria. Amri zilipolegezwa watu walirudi kukumbatiana, pumzi kwa pumzi.

Filamu iitwayo Pumzi

Je, Afrika Mashariki ina hadithi yake ya kisayansi juu ya pumzi? Inayo, na jina lake ni hilohilo. Mwaka 2009 mtengenezaji filamu wa Kenya, Wanuri Kahiu, alitengeneza filamu fupi ya dakika zipatazo ishirini iitwayo Pumzi, ambayo mwaka 2010 ilionyeshwa katika tamasha la Sundance nchini Marekani. Mambo yanatokea Afrika Mashariki miaka 35 baada ya vita vya tatu vya dunia, vita vya kugombea maji. Watu wa jamii iitwayo Maitu, neno la Kigikuyu lenye maana ya mama, wanaishi ndani ya jengo lililofungwa. Nje, wanaambiwa, hakuna uhai. Maji ni ya mgao, na jasho na mkojo wa kila mtu husafishwa na kunywewa tena. Ndoto huzimwa kwa vidonge.

Asha, mtunzaji wa jumba la makumbusho, anapokea kifurushi cha udongo kisicho na jina la mtumaji. Anaunusa, na harufu ile inamtia katika ndoto ya mti. Baadaye anatoroka kwenda jangwani kupanda mbegu.

Tunawaomba wasomaji watakaoitazama filamu hii waangalie vinywa. Watu wa Maitu karibu hawavifungui kwa mazungumzo, kwani ujumbe hupita kwenye mitambo na mashine ndiyo inayosema. Wahenga walisema kinywa ni jumba la maneno, na katika jamii hii jumba hilo limefungwa kufuli. Hakuna anayenuka kinywa kwa sababu hakuna anayekitumia. Kisha harufu moja tu, ya udongo, inavunja ukuta ambao amri na vidonge vilikuwa vimeujenga. Kahiu angeweza kumpa Asha picha ya mti au sauti ya mvua, naye akampa harufu, ingawa alijua kwamba filamu haiwezi kumfikishia mtazamaji harufu yenyewe. Wamarekani walijaribu kwa mabomba ya manukato ndani ya kumbi mwaka 1959 na 1960, na jaribio halikudumu. Mtazamaji inambidi anuse kwa kumbukumbu yake. Na hapo ndipo mwandishi wa maneno alipo na nguvu sawa na mwenye kamera, maana akiandika "udongo uliolowa mvua ya kwanza", msomaji wa Masaka hahitaji bomba.

Tuongeze kwamba Rwanda nayo imeingia katika uwanja huu. Filamu ya kisayansi Neptune Frost ya mwaka 2021, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, ilipigwa hapa nchini, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazosikika ndani yake.

Kwa upande wa riwaya, walimu wanazo kazi za kuanzia: Kusadikika ya Shaaban Robert, yenye nchi iliyo angani, Walenisi ya Katama Mkangi ya mwaka 1995, ambayo mhusika wake Dzombo anafika nchi ngeni ambayo jina lake, ukilikata vizuri, linasema "wale ni sisi", na Bina-Adamu! ya K. W. Wamitila ya mwaka 2002. Si lazima tuziite zote bunilizi za kisayansi. Zote zinampeleka msomaji kwenye ulimwengu mwingine ili amrudishe kwake, na swali la kumpa mwanafunzi ni moja: mgeni anapofika katika nchi hiyo, anasikia harufu gani?

Tahadhari kwa walimu

Sasa turudi kwa yule wa safu ya nyuma. Harufu ni silaha nyepesi kuokota. Ukitaka kumtoa mtu katika kundi huna haja ya hoja, sema tu ananuka. Hawezi kujitetea, kwa sababu mwenyewe haisikii harufu yake, na anayemtetea ataambiwa naye pua yake imezoea.

Sisi tunaofundisha lugha Rwanda hatuwezi kulichukulia jambo hili kijuujuu. Kabla ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 na wakati wa mauaji hayo, magazeti na redio ziliwaita binadamu mende na nyoka. Mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, iliwatia hatiani watu watatu katika kesi ya vyombo vya habari. Hatusemi kwamba mzaha wa darasani ni sawa na uhalifu huo. Tunasema kwamba neno la kumfanya mtu awe kinyaa huanza dogo, huanza kwa kicheko, na anayelisikia kwanza ni mwalimu.

Je, tulipaswa kuizuia hadithi ya nahodha isisomwe? Tulijadiliana katika idara, na hatukukubaliana mara moja. Wapo waliosema ndiyo. Mwishowe tuliafikiana kwamba hadithi ile haikuwa na kosa, tena ilikuwa na hekima: chombo hakikupotezwa na kinywa cha nahodha, kilipotezwa na abiria waliokataa kumsogelea. Kosa lilikuwa letu, tuliocheka pale pa kuchekesha na kupita haraka pale pa kufikirisha.

Kwa hiyo sasa tunaifundisha kazi hii kwa hatua tatu, nanyi mnaweza kuzijaribu. Kwanza, mwanafunzi aandike aya moja ya asubuhi ya mwaka 2100 mahali anapopajua, akitumia nuka, nukia, nusa na sikia, kila kimoja mara moja na mahali pake. Pili, asimulie kisa cha mtu anayenuka kinywa kwa nafsi ya kwanza, kutoka ndani ya mtu huyo. Tatu, tumeweka kanuni: hakuna mhusika atakayenuka bila kuwa na jina na bila kuwa na sababu. Sababu inaweza kuwa njaa, ugonjwa, saumu, usiku wa kukesha au safari ndefu. Mhusika akishapewa jina na sababu, kicheko hakikatazwi, lakini hubadilika.

Hitimisho

Mwanafunzi yule alirudi kipindi cha tatu. Hatukumuuliza lolote mbele ya wenzake. Siku nyingine alikuja mwenyewe ofisini, akatueleza kwamba zilikuwa fizi, zilikuwa zikitoka damu tangu sekondari, na hakuwahi kwenda kwa daktari kwa sababu ya haya. Sasa alikuwa amekwenda. Meno yalikuwa yamesafishwa ukoga, naye ameagizwa asugue na ulimi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia. Hata sisi tulipofika nyumbani jioni ile tulisugua ndimi zetu.

Alituachia pia kurasa tatu. Hadithi yake inatokea Masaka mwaka 2090. Bibi kizee anagongewa mlango usiku, na nje wamesimama vijana watatu wenye sura moja na sauti moja, kila mmoja akisema ni mjukuu wake aliyekwenda angani miaka kumi iliyopita. Wawili ni roboti. Bibi haulizi maswali ya utotoni, maana mashine zinayajua majibu yote. Anawaambia tu, mmoja mmoja, waje karibu wampulizie usoni. Wa kwanza hana pumzi, wa pili hana pumzi. Wa tatu kinywa chake kinanuka njaa na safari, na bibi anamshika mkono, anamwambia, "Ingia mwanangu, maji ya kunawa yapo."

Tuliisoma darasani kwa idhini yake, bila kutaja jina. Hakuna aliyecheka. Kitenzi alikuwa amekiandika kwa usahihi, na tulimsahihishia alama za mkato mbili tu.

Tunawakaribisha walimu wa shule na vyuo vingine watuletee hadithi za wanafunzi wao za namna hii, nasi tutazisoma. Tuonane katika toleo lijalo.